Kitambaa Kisichofuliwa

...na huu mpira nao, umeshafunga mikono ya watu wangapi asubuhi hii kabla ya kufika kwenye wangu, una weusi pembeni, weusi wa jasho, mimi weusi huo naujua, ndio ule ule unaokaa kwenye kola za mashati ya wanaume wanaojiita watanashati, ukiutazama juu juu unasema ah, kivuli tu, ukiupitishia brashi yanatoka maji ya kutia kichefuchefu, na sasa umenikaba juu ya kiwiko, na mpima damu ananigonga mkono kwa vidole viwili, anasema mama, kunja ngumi, mshipa umejificha, nakunja, acha ujifiche, chenye akili hakijitokezi kwenye chumba kama hiki, ndoo ya pamba zilizotumika iko wazi chini ya meza, pamba zenye madoa, mengine mekundu, mengine yameshageuka kahawia, na hakuna aliyefikiria kuifunika, eti hospitali, mimi ni mfua nguo za watu tu lakini pale kazini kwangu ndoo ya maji machafu haikai wazi, mtu ningemfukuza, na damu mimi siiogopi, watu wanadhani naiogopa, hapana, naionea kinyaa, ni tofauti, mwoga hukimbia, mwenye kinyaa hutazama mpaka mwisho, mashuka ya nyumba ya wageni yananijia na damu za kila namna na ni mimi ninayeyapokea, naloweka kwenye maji baridi, baridi kabisa, maana damu ukiitia maji ya moto umeipika, haitoki tena, na ile iliyoganda, ile nzito kama ini, unaiokota kwanza kwa mkono, halafu unakwenda kula mchana kama mtu wa kawaida... koko, koko, ndiye shangazi huyo, ameketi kwenye benchi nyuma ya bega langu anasubiri zamu yake, anamumunya peremende na kuigongesha kwenye meno ya bandia, koko, tangu tulipoingia getini, na mkoba ameukumbatia mapajani kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya, nani auchukue, kwa harufu ile, hata dawa ya sakafu ya humu ndani haiwezi kuishinda, kafuri na mafuta ya kuchua na jasho, jasho la marehemu, la bibi yangu mzaa baba, la mama yake bibi, la mdogo wangu, yote kwenye kitambaa kimoja, ukoo mwingine hurithishana nyumba, sisi tunarithishana kitambaa cha kufungia kichwa, zamani kilikuwa cha buluu, sasa hakina rangi yenye jina, yeyote wa kwetu akishikwa na kichwa anafungwa hicho, kinakazwa mpaka macho yanataka kutoka, analazwa chumba chenye giza, basi, hospitali haiendwi, maana kwetu kuumwa kichwa si ugonjwa, ni alama, bibi alikuwa anasema kwa majivuno kabisa, asiyeumwa kichwa huyo si wetu, mchunguzeni vizuri mama yake, na watu wanacheka, na sheria moja juu ya zote, kitambaa hakifuliwi, ukikifua umekiondolea nguvu, yaani mimi, niliyemlisha na kumsomesha mtoto kwa sabuni, niko kwenye ukoo wenye kitambaa kisichojua maji, niliwahi kukiomba siku moja, nikakifue tu, nikipige pasi, nikirudishe, shangazi akanitolea macho, akasema mikono yako imezoea uchafu wa watu, huu wa kwetu uache.

Kunja ngumi mama, anasema tena, nimeikunja baba, unataka nikunje na nini kingine, pumzi yake ina chai iliyolala, anafungua mpira, anausogeza, anaufunga upya, jaribu jingine, na kule juu wodini kitinda mimba wetu amelala mguu umening'inizwa, umevimba unang'aa, ndiye aliyetuleta hapa, kaka yetu wa mwisho, mtoto wa mke mdogo wa baba, kijana hata mvi moja hana, akaamka paja linauma, akadhani kalalia vibaya, kumbe donge la damu limekaa kwenye mshipa, na daktari alipomuuliza kwenu kuna mwingine aliyepatwa na kitu kama hiki akasema hapana, ila dada yangu alikufa kwa kichwa, ndiye yule mdogo wangu, akiwa na kichanga cha wiki chache, basi daktari akaacha kuandika, akasema niitie ndugu zako, na wa upande wa baba pia, wote walio hai, na wa upande wa baba aliye hai ni shangazi peke yake, imebidi alale kwangu jana ili leo nimkokote, njia nzima anasema damu yangu mtaitafutia nini, damu yangu safi, muulizeni yeyote, nani tumuulize shangazi, nani kaionja... sasa hivi tu tumetoka kwa huyo daktari, chumba cha pili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, kachora kichwa kwenye karatasi na mishipa yake kama mabomba, anasema damu inapanda kichwani kwa njia yake na inashuka kwa njia nyingine, dada yenu iliyoziba ni njia ya kushukia, na mimi nikamwelewa kuliko alivyodhani, sinki likiziba manyoya ya nguo na bomba liko wazi, maji yatakwenda wapi, yatapanda, yatafurika, na kichwa cha mtu hakina pa kufurikia, akasema kuna watu wanazaliwa na damu yenye haraka ya kuganda, kuna kitu mwilini cha kuizuia na wao wanacho pungufu, au wanacho kibovu, wamerithi kwa baba au kwa mama, na wengi wanaishi mpaka wanazeeka bila kujua, hawaumwi hata jino, mpaka kije kitu cha kuisukuma, mimba, kujifungua, kulala kitandani muda mrefu, kukaukiwa na maji, vidonge, anahesabu kwa vidole, na shangazi anaitikia kwa kichwa, koko, koko, anafurahi, akasema afadhali daktari umesema mwenyewe, mimi nilisema zamani, ni damu ya mama yao hiyo, sisi kwetu hatufi ovyo, na daktari akauliza kwa upole tu, huyu kijana wa wodini na dada yenu marehemu, mama yao mmoja? na mimi nikasema hapana, baba mmoja, mama mbalimbali... na peremende ikanyamaza, nililisikia taya likisimama, naapa, daktari akaandika kitu kifupi, hakumtazama mtu.

Damu nzito kuliko maji, ndiyo methali yake shangazi, harusini anaisema, msibani anaisema, nzito kweli shangazi, nzito mpaka imeganda, na pale msibani alisimama kati ya wanawake, mdogo wangu hajapoa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, hii ni damu ya mama yao, na mama yangu alikuwa ameketi anakunja nguo za marehemu, hakuinua uso, akaendelea kukunja, gauni, khanga, gauni, na watu wakaliokota neno wakaenda nalo, mpaka mama anaingia kaburini bado wanalo, eti yule ndiye aliyewaletea wanawe damu mbaya, na leo limegeuka ndani ya dakika moja mbele ya daktari na shangazi hajasema hata samahani, ametoka pale akatia peremende mpya mdomoni, ptuh, natamani kutema mate na hapa hakuna pa kutemea isipokuwa ile ndoo... na kile kitambaa ndicho alichomfunga mdogo wangu, alilia kichwa tangu arobaini haijafika, akilala kinazidi, akiinuka kinapungua kidogo, tukasema ndicho chetu hicho, alfajiri anatapika, tukasema uzazi, na siku moja mchana tumekaa sote chumbani kwake akaomba dirisha, nipeni dirisha nikorogee chai, anasema, chai inapoa, na mkono ameunyoosha kwenye kijiko, tukacheka, Mungu wangu tulivyocheka, hata yeye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, shangazi akasema mzazi haishi vituko, akamkaza kitambaa, na kesho yake hakuwa na neno lolote, si dirisha si kijiko, anatutazama tu, kisha akaanza kukakamaa, na alipokwisha kukata roho shangazi akakifungua kile kitambaa, kilikuwa kimechimba mstari kwenye paji la uso, mstari ule haukuondoka, tulimzika nao, na yeye akakikunja nne, akakirudisha kwenye mkoba, hivi hivi nikimwona, akabana na kifungo, kana kwamba kimemaliza kazi yake vizuri.

Mama, mkono mwingine, anasema, huu unanikatalia, haya, nampa wa kulia, anaufunga, kwa kawaida huwa tunaanza na huu, anasema, sijui anamwambia nani, na kabla hatujatoka kule chumbani daktari aliniuliza jambo la mwisho, mama, unao mabinti? nikasema ninaye mmoja, yuko chuo, sasa yuko likizo, akauliza anatumia vidonge vyovyote, vya kupanga uzazi, vya hedhi, chochote cha namna hiyo, maana kama mnayo hii kasoro vile vidonge kwake ni hatari, kama ni hivyo nataka nijue leo, na shangazi shingo kaielekeza kwangu kama kuku aliyeona punje, nikasema hapana, hatumii kitu, nimesema vizuri bila kukohoa, ningesemaje, niseme mbele ya huyu, kesho ukoo mzima unajua, binti wa dobi kaharibika, mama yake anafua mashuka ya wageni na yeye anayalalia, nawajua, naijua midomo yao... wiki iliyopita nimetia mkono mfuko wa nyuma wa suruali yake ya jinzi, ndiyo kazi yangu, hakuna nguo inayoingia kwenye maji sijaipekua mifuko, nimeshaokota kalamu, nimeshaokota pete, jino la mtu nimeshaliokota, na mle nikaokota karatasi ngumu ya vidonge, vimepangwa vizuri kwa siku, vingi vimeshamezwa, nikahisi kinyaa kile kile cha damu iliyoganda, nikamwita, nikamtupia kitandani, nikamwambia uchafu gani huu unauleta ndani ya nyumba yangu, akasema mama, ni za hedhi, nesi wa chuo kanipa, tumbo linaniua, nikasema nyamaza, nimekwambia nyamaza, mimi nafua uchafu wa watu usiku na mchana ili wewe uwe msafi, akanitazama, akanyamaza kweli, na mpaka leo hatusemi, anapita ukutani, chakula anakula nikishatoka, ana kiburi, kachukua kwangu, na mimi sitaanza, mkubwa haanzi, aanze yeye...

Shangazi anapiga chafya. Anafungua mkoba, kifungo kinalia, anatafuta karatasi ya pua, anatoa vitu kimoja kimoja anavipanga kwenye benchi na mimi nimegeuza shingo natazama, maana mwenye kinyaa hutazama, funguo, kioo kidogo kilichovunjika pembe, soksi moja, moja ya nini, peremende, peremende, chupa ya mafuta ya kuchua, mkoba umebaki mdomo wazi, tupu, naona mpaka bitana ya ndani ilivyochanika, na harufu ipo vile vile, ipo kwenye vidole vyake, ipo kwenye chupa, kitambaa chenyewe hakimo, nasema shangazi, kiko wapi kitambaa, anasema kitambaa gani, nasema si kile, anafuta pua, anaanza kurudisha vitu vyake taratibu, anasema, nimemwachia mtoto, nasema mtoto gani, anasema mtoto wako, mwingine yupi, kaamka na kichwa, tangu juzi kinamuuma, hajakwambia? mimi ndiye niliyelala naye jana ndiye niliyemwona, alfajiri katapika kidogo kwenye beseni, nikamwagia, nikamfunga vizuri, nikamwambia asikusumbue mama yako, leo ana safari ya hospitali, na anatabasamu, huyu mwanamke anatabasamu, meno yote ya bandia nje, ananiambia, huyo ni wetu kabisa, kachukua kichwa cha ukoo... mama usitikise mkono, anasema mpima damu, nilikuwa nimeupata, nani katikisa, mkono umejitikisa wenyewe, kichwa cha ukoo, kinazidi akilala, sijui kama kinazidi akilala, sijui, sijamuuliza, sisemi naye, nimepita mlango wa chumba chake nikaona giza, mapazia yamefungwa, nikasema moyoni mvivu huyu, nikachukua mkoba wangu, nikatoka, na amelala mle amekazwa ule uchafu, na vile vidonge, vile, kila siku kimoja, kila siku kimoja, na mimi dakika chache zilizopita nimesema hapana, bila kukohoa, mficha maradhi kifo humuumbua, nilikuwa nadhani hiyo wametungiwa watu wa aina ya shangazi, nimekaa hapa natoa makosa ya ndoo, ndoo, na mpira, na pumzi za watu, kinyaa changu chote hiki nilichokuwa nakionea fahari, mtoto kakiogopa mpaka hawezi kusema mama naumwa, nani mchafu hapa.

Simu iko mfuko wa gauni, mkono wa kushoto umefunguliwa, naitoa, mpima damu anasema mama tafadhali simu baadaye, nasema mwite daktari, anasema mama nimalize kwanza, nasema baba, ita daktari, mwambie yule mama aliyesema binti yake hatumii vidonge amesema uongo, anatumia, vya hedhi, na kichwa kinamuuma tangu juzi na anatapika, nimelisema lote kwa sauti, mpaka mlangoni limefika, walio kwenye foleni wamegeuka, na shangazi huyo, vidonge? anasema, vidonge gani, wewe, mtoto anameza vidonge? haya, chukua shangazi, kalipeleke, harusini na msibani, mpima damu ameniangalia mara moja tu, akaita kwa sauti kupitia mlango, daktari, njoo mara moja, na vidole vyake bado viko mkononi mwangu, na simu inaita, inaita, chumba kile giza, simu huwa anaiweka chini ya mto, inaita, pokea, mama yako mshenzi pokea, inaita...

Nini, anasema. Hivyo hivyo, nini, hakuna shikamoo, sauti ya mtu aliyenuna wiki nzima, siku nyingine ningemkatia simu nikampe adabu nyumbani, leo sijawahi kusikia neno tamu kama hilo, nasema kichwa kinakuumaje, mwanangu, anasema bibi kasema nisikwambie, nasema ukilala kinazidi? anasema eeh, halafu polepole, umejuaje, nasema kifungue hicho kitambaa, anasema kinanuka mama, nasema najua kinanuka, kifungue, kitie kwenye ndoo ya maji, maji baridi, anasema bibi atanigombeza, nasema mimi ndiye niliyesema, kitie, na vile vidonge usimeze kingine, viweke mfukoni uje navyo, inuka taratibu, gonga ukutani kwa jirani, yule dereva wa teksi, leo hajatoka, nimeona gari lake, mwambie mama kasema akulete hospitali sasa hivi, nakusubiri getini, simu usikate, unasikia, usikate, anasema mama unanitisha, namsikia anainuka, kitanda kinalia, maji yanamwagika kwenye ndoo, huku nyuma yangu kwenye benchi hakuna koko, na mpima damu anagonga, pa, pa, pa, mkono ule ule, mpira ule ule, damu haijatoka hata tone, anasema huu hapa, nimeuona, tulia hivyo hivyo mama, na mimi nasema kwenye simu, mwanangu, kabla hujatoka, kuna kile kitu cha kukorogea chai, kinaitwaje, anasema nini? nasema kinaitwaje, anasema mama una wazimu? nasema nina wazimu, niambie tu, na yuko kimya, yuko kimya, nasikia pumzi yake, yuko kimya, halafu anasema, kwa kile kiburi chake chote, kijiko, mama, kijiko, umeridhika?

Sema tena.